"Nakuja," Alisema Matheka

Imetangazwa, na tangazo limewekewa kioo ili lisichafuliwe na mikono ya umma, kwamba kila anayeomba ukaazi wa kudumu atahojiwa kwa lugha anayoimudu kuliko zote. Kwamba mkalimani aliyekula kiapo atatafsiri kila neno kama lilivyotamkwa, pasipo kuongeza wala kupunguza. Na kwamba, kwa kuwa hatua hizo zimechukuliwa, hakuna mwombaji atakayesikilizwa baadaye akidai kwamba hakueleweka.

Khalayi alilisoma tangazo hilo mara mbili, maana alikuwa amefika ubalozini mapema na pale ukutani hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Lilimpa moyo. Yeye ni mtu wa kuamini maandishi, hasa yakiwa na kioo.

Lugha aliyochagua ilikuwa Kiswahili.

Uamuzi huo ulikuwa umejadiliwa saluni wiki nzima. Khalayi ni msusi. Ana saluni ya viti vitatu huko Kayole, chini ya ghorofa, hatua chache kutoka Spine Road, na anaiendesha pamoja na mwenzake Jacky. Kwa kuwa nywele hazisukwi kimyakimya, hakuna jambo la Khalayi ambalo halipitishwi kwanza na wateja.

"Wewe ongea Kizungu," Jacky alimwambia, akiwa na kitana mdomoni. "Ile C plus ulipata ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa B minus."

"Basi itumie kabla ioze."

"Matheka akinitaka hakunikatia kwa Kizungu," Khalayi akasema. "Vitu wataniuliza zote zilifanyika kwa Kiswahili. Sasa nianze kuzitafsiri mimi, na kuna mtu ameapishwa kwa hiyo kazi?"

"Basi hata viatu vaa za chini," akasema mteja mmoja kutoka chini ya drai. "Wakiona umevaa ndefu watajua unaenda kutafuta mwingine."

"Na usicheke sana," akaongeza wa pembeni. "Wazungu wanashuku mtu wa kucheka."

"Huyu hata akinuna anakaa mtu anacheka," Jacky akasema. "Watamshuku tu."

Hoja ya Khalayi ilikuwa na uzito kuliko alivyojua mwenyewe. Yeye ni Mbukusu aliyezaliwa Kayole, na Kibukusu chake kinatosha kusalimia wazee na kuomba maji. Mumewe Matheka ni Mkamba wa Wote, naye katika miaka yote ya ndoa alifaulu kumfundisha mkewe maneno sita ya Kikamba, mawili kati ya hayo yakiwa ya chakula. Ndoa yao ilianza, ikagombana, ikapatana na kuzaa mtoto kwa Kiswahili. Ni kile Kiswahili cha Kayole, ambacho walimu hukisahihisha kwa kalamu nyekundu na ambacho walimu hao hao hukitumia wakinunua nyanya.

Matheka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Walijuana alipoitwa kutengeneza mlango wa saluni. Aliuchomelea vizuri hivi kwamba haukufunguka, ikabidi arudi kuukata. Aliporudi aliukata vibaya, ikabidi arudi tena. Mara ya nne wateja walikuwa washaelewa, ila Khalayi mwenyewe, ambaye bado alidhani ni fundi mbovu. Baadaye waliishi pamoja kwa ile ndoa ambayo magazeti huiita njoo-tukae, na Mwende alipozaliwa wakaenda kwa msajili wakaandikisha. Walikwenda siku ya kazi, wakiwa na mashahidi wawili, na baada ya hapo kila mtu akarudi kazini. Hakuna aliyepiga picha. Haikuonekana kama tukio la kupigwa picha.

Kisha Matheka akapata kazi ya kuchomelea maghala ya nafaka katika nchi moja yenye theluji nyingi na watu wachache. Nchi hiyo ina jina lake, lakini Kayole huitwa majuu, kama nyingine zote zenye baridi.

Sasa, Kayole mtu hasafiri kwenda majuu. Husikika tu kwamba ameshafika. Safari ya namna hiyo haitangazwi mpaka ndege iwe imetua upande wa pili, kwa sababu kati ya viza na ndege kuna macho ya watu, na macho ya watu yamewahi kuharibu hata mambo yaliyokuwa yamekwisha kupigwa muhuri. Kwa hiyo sanduku la Matheka lilitangulia siku mbili, likalala kwa binamu yake Embakasi. Yeye mwenyewe alitoka nyumbani jioni akiwa na ndara miguuni na mfuko mtupu wa karatasi, kama mtu anayekwenda kununua maziwa. Khalayi alimsindikiza hadi stendi akiwa amembeba Mwende mgongoni. Njiani walimpita Oketch, mlinzi wa ghorofa yao, mtu mwema ambaye husalimia kwa maswali, naye akawafuata nyuma.

Pale stendi Matheka alimshika mtoto shavu, akamtazama mkewe, akasema, "Nakuja." Akapanda gari, akaenda.

Nairobi mtu anayeondoka husema nakuja. Karani anayetoka mezani kwenda kunywa chai husema nakuja. Fundi anayekwenda kutafuta msumari husema nakuja, na wakati huo amekwisha kukupa mgongo. Neno hili halihusiani sana na kuja. Maana yake ni: usifunge mlango. Muda haujawekwa, na si adabu kuuliza.

Oketch aliambiwa kwamba Matheka amekwenda Wote kumwona mama mgonjwa. Mama huyo alikuwa amezikwa zamani, lakini Oketch alimuulizia hali kila asubuhi kwa mwezi mzima, na siku alipoambiwa ukweli alisema alishukuru sana kusikia kwamba mama hana neno.

Mambo ya Matheka huko yalikwenda vyema. Alipewa ukaazi wa kudumu, akaomba mkewe na mtoto waruhusiwe kumfuata. Ombi likakataliwa. Barua ilikuwa ya heshima. Ilieleza kwamba afisa hakuridhika kuwa ndoa ile ni ya kweli, kwani hapakuwa na picha hata moja ya harusi, na wala hapakuwa na chochote kuonyesha kwamba wawili hawa waliagana, jambo ambalo mume na mke kwa kawaida hulifanya. Waliomba tena. Safari hii waliitiwa mahojiano, na wakaarifiwa kwamba uamuzi utakaotolewa utakuwa wa mwisho. Khalayi akishindwa, faili litafungwa, na ndoa yake itabaki ya simu.

Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amekaa mbele ya tangazo, amevaa viatu vya chini, hacheki.

Afisa aliyemwita alikuwa mzungu mrefu, mpole wa sura, mwenye nywele ambazo Khalayi, kwa mazoea ya kazi, alizipima akaona hazitoshi hata mstari mmoja. Mezani palikuwa na simu yenye spika. Afisa alieleza kwa Kiingereza kwamba mwombaji akishachagua lugha ni lazima aishike hiyo hiyo hadi mwisho, bila kuchanganya. Kwa mtu wa Kayole sharti hilo ni kama kuambiwa atembee kwa mguu mmoja aliouchagua mwenyewe.

Kisha simu ikasema.

"Habari za asubuhi, dada yangu. Mimi ndiye mkalimani wako. Nimeapa kuyatafsiri yote utakayoyanena, na yote utakayoambiwa, kama yalivyo."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya pwani ya Tanzania, pengine Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Khalayi alijikuta ameketi wima. Mara ya mwisho kusikia Kiswahili cha namna hiyo, kilikuwa kinamuuliza ngeli.

"Sawa, mwalimu," akasema.

"Mimi si mwalimu, dada. Ni mkalimani."

"Sawa, mwalimu."

Maswali ya mwanzo yalipita salama: jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi. Kisha afisa akafungua faili.

"Afisa anauliza," ikasema simu, "siku ile mumeo aliposafiri, wewe ulifanya nini?"

"Nilimsukuma mpaka stendi."

Kayole, kumsukuma mtu ni kumsindikiza. Kisha Khalayi, ambaye B minus yake ilikuwa haijaoza hata kidogo, akasikia Kiingereza kikimwarifu afisa kwamba alimsukuma mumewe mpaka kituo cha mabasi. Afisa akaandika.

"Afisa anauliza, je, kulikuwa na ugomvi baina yenu?"

"Hapana, hakukuwa na ugomvi. Nilimpush tu, vile mtu anampush mtu wake."

"Dada," ikasema simu kwa upole, "hilo ni neno lile lile."

"Na ni Kiingereza," afisa akaongeza kwa Kiingereza, na simu ikamtafsiria Khalayi kwamba hilo lilikuwa Kiingereza.

Yafaa kusema kwamba mkalimani hakuwa na kosa lolote. Alikuwa hodari, na shida yote ilitoka hapo. Mtu mvivu angekisia maana. Huyu alikuwa ameapa.

Wakaendelea. Afisa aliuliza kuhusu Mwende, na Khalayi akafurahi, maana kwa Mwende alikuwa na hakika.

"Mtoto anakaa baba yake," akasema. "Kabisa. Hata kichwa."

Kiingereza kikapita mezani polepole. Afisa akarudisha kurasa nyuma.

"Afisa anasema, kwenye ombi lenu imeandikwa kwamba mtoto yuko Kayole pamoja nawe. Sasa umesema anakaa na baba yake. Anauliza, lipi ni kweli?"

"Yote ni kweli, mwalimu. Anaishi na mimi. Lakini anakaa yeye."

"Anaishi nawe, ila anakaa naye."

"Sijasema naye. Nimesema yeye. Huyo mtoto ukimwona hivi umeona Matheka, ni vile tu hana ndevu."

Mkalimani aliyatafsiri hayo yote, pamoja na ndevu. Afisa hakuandika. Alimtazama Khalayi kwa muda, si kwa ukali, bali kama mteja anayeangalia kwenye kioo msuko ambao hakuuagiza. Khalayi alihisi kiti kikipoa chini yake. Aliona faili likifungwa, akaona simu ya Ijumaa baada ya Ijumaa, na Mwende akimwonyesha baba yake kwenye simu pengo la jino, kisha jino lililoota. Akaweka mikono mapajani ili isionekane ikitafuta kitu cha kusuka.

"Afisa anauliza," ikasema simu, "mara ya mwisho kuwa pamoja, mumeo alikwambia nini? Anaomba maneno yenyewe."

Hili lilikuwa swali lenyewe. Hata Khalayi alilitambua.

"Alisema nakuja."

Kiingereza kikasema kwamba mume alisema anakuja.

"Anauliza, alikuwa anakuja wapi?"

"Hakuwa anakuja. Alikuwa anaenda."

"Alisema anakuja, naye alikuwa anakwenda."

"Si ndiyo kuenda kwenyewe, mwalimu. Ungetaka aseme nini? Oketch alikuwa hapo nyuma anasikiza."

Ikabidi Oketch aelezwe ni nani, na kwa nini asikie, na kwa nini mtu anayekwenda kufanya kazi ya halali katika nchi iliyomkaribisha kwa maandishi aondoke kwake amevaa ndara. Khalayi alieleza mambo ya macho ya watu. Alieleza vizuri, na kwa Kiingereza ikasikika kwamba majirani wa Kayole wana ugonjwa wa macho unaoambukiza wasafiri. Afisa aliuliza kama mumewe alipimwa. Khalayi akajibu kweli kabisa kwamba alipimwa kila kitu kabla ya kupewa viza.

Afisa akaweka kalamu mezani.

"Afisa anauliza: na sasa, baada ya muda wote huu, mumeo bado husema anakuja?"

Khalayi alilipima swali. Kama Matheka anakuja, hakuna sababu ya yeye kumfuata. Na kama Matheka ameacha kusema anakuja, huyo amekwisha kuwa mume wa watu wengine. Aliona mashimo yote mawili, kulia na kushoto, akaamua kusema tu ilivyo.

"Anapiga Ijumaa. Akimaliza kuongea na mtoto ananiambia nakuja, anakata. Hajawahi niambia kwaheri. Siku atasema kwaheri nitajua kuna kitu." Akaisogelea simu. "Lakini kuja kwenyewe, kazi haimwachilii. Na mtoto anakua. Ndiyo nikasema wacha niende mimi."

Mkalimani alishusha pumzi, akayatafsiri yote hayo kwa uangalifu mkubwa, na sauti yake yenyewe ikalainika. Ila kila neno alilitafsiri kama lilivyotamkwa, kwa hiyo afisa akaarifiwa kwamba mume hupiga kila Ijumaa, husema anakuja, kisha hukata.

Afisa akainua mkono kuizuia simu isiendelee.

"Hilo neno," akamwambia Khalayi moja kwa moja, kwa Kiingereza. "Neno lenyewe alilolisema. Ni lipi?"

"Nakuja," Khalayi akasema.

Afisa akaegemea kiti. Mahali fulani usoni pake palibadilika. Alipofungua tena mdomo alisema Kiswahili, neno moja moja, kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Fundi yangu ya bomba," akasema. "Alifungua bomba. Akasema, nakuja."

"Lini?" Khalayi akauliza.

"Mwezi ya tatu."

Huu ulikuwa wa saba. Khalayi akafikiria nyumba ya huyu mtu, na bomba lililofunguliwa, na maji.

"Aliacha vyombo vyake?"

"Spana. Moja kubwa."

"Basi atakuja," Khalayi akamtuliza. "Mtu hawezi kuacha spana kubwa. Usipeane kazi kwa mwingine."

"Samahani," ikasema simu. "Haya nayatafsiri kwa nani?"

Afisa alikuwa anaangalia faili, akitabasamu kidogo upande mmoja. Akalirudia lile jibu la zamani lililoandikwa kwamba hapakuwa na dalili ya kuagana, akaligusa kwa kidole, kisha akapiga mstari juu yake. Akasimama na faili mkononi.

"Nakuja," akamwambia Khalayi, akatoka.

Mlango ukajifunga wenyewe.

"Dada," ikasema simu baada ya muda, "nani anakuja?"

"Hakuna mtu anakuja, mwalimu. Ametoka."

"Nimemsikia kasema anakuja."

"Ndiyo. Ametoka."

Simu ikatafakari.

"Sasa huko kwenu Nairobi, mtu akiwa anakuja kweli, husemaje?"

"Anasema amefika."

"Na akiwa amefika?"

"Hapo hasemi kitu. Si unamwona?"

"Ahaa," ikasema simu, kwa sauti ya mtu anayeandika jambo ili aje kulipinga baadaye.

Walikaa hivyo, Khalayi na sauti, kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya kliniki. Mkalimani aliuliza bei ya kusuka huko Nairobi, kwa kuwa ana binti. Khalayi akamwambia inategemea kichwa. Khalayi naye akauliza kama huko Tanga mvua imenyesha. Mkalimani akasema imenyesha, lakini kwamba yeye yuko nchi nyingine siku nyingi sasa, na huko haijulikani kama inayonyesha ni mvua au ni nini.

"Uliendaje huko?" Khalayi akauliza.

"Nilimfuata mke wangu," akasema. "Mimi niliagwa vizuri. Ukoo mzima ulikuja na mabasi mawili. Picha ninazo."

Afisa akarudi. Kwa viwango vya neno alilokuwa amelitumia, alirudi upesi mno. Alikaa, akavuta karatasi, na kwa sauti ya kiofisi akasema maneno kadhaa ya Kiingereza ambayo Khalayi aliyaelewa yote, lakini akayangoja kwa adabu yazunguke hadi yalikokuwa yanakwenda.

"Afisa anasema," ikasema simu, na ilionekana mkalimani mwenyewe ameshangaa, "kwamba ameridhika kuwa ndoa yenu ni ya kweli. Ombi limekubaliwa, lako na la mtoto. Anasema uache pasipoti zote mbili pale dirishani. Hongera sana, dada."

Khalayi alisema asante. Alitaka kusema zaidi, akakumbuka kwamba lingetafsiriwa.

"Anauliza pia, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi: mahojiano haya yamefanyika kwa lugha unayoimudu kuliko zote, nawe umeelewa yote, na umeeleweka?"

"Ndiyo."

Afisa akaandika ndiyo, akatia sahihi, akageuzia Khalayi karatasi naye atie yake. Kisha akainama karibu na simu, akamshukuru mkalimani kwa kazi safi.

"Nami nashukuru," ikasema simu. "Dada, nikutakie kila la heri. Na huyo shemeji, siku atakapofika Kayole, nisalimie sana."

Khalayi alisema atamwambia.